Barua ya wazi kwa wakuu wa mitaala ya historia: uhamisho wa Waarmenia ufundishwe hatua kwa hatua

Kwa wakuu wa taasisi za mitaala, mabaraza ya mitihani na idara za elimu Afrika Mashariki,

Waheshimiwa,

Kati ya Aprili 1915 na mwishoni mwa 1916, serikali ya Milki ya Osmani, dola ya Kituruki ya wakati huo, iliwang'oa Waarmenia, raia wake Wakristo, katika miji na vijiji vyao vya Anatolia, sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, ikawaswaga kwa miguu na kwa treni hadi jangwa la Syria. Kabla ya vita walikuwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 600,000 na 1,500,000, na wanahistoria wengi hutaja milioni moja au zaidi. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, sura hii ipewe vipindi visivyopungua vinne ndani ya mada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Pili, ifundishwe kwa kufuata hatua za uhamisho wenyewe, tangu siku familia ilipoambiwa ifunge mizigo hadi kambi za kando ya mto Frati. Ombi la pili ndilo zito zaidi. Ikiwa sura hii itaingizwa vitabuni kwa aya tatu, tarehe moja na idadi ya wafu, basi ni afadhali isubiri.

Mwanafunzi akianza na idadi, darasa zima hubishana kama ni laki sita au milioni na nusu, na kengele hulia kabla hajamwona mtu hata mmoja. Akianza na hatua, atauliza: nani alitakiwa kuleta maji? Unga ulikuwa ghala gani? Kwa nini wanaume hawakuwemo msafarani? Maswali hayo yana majibu, na majibu yamo katika hati.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili chaweza kutusaidia hapa na chaweza kutuponza. Neno la Kituruki la uhamisho huo ni tehcir, lenye mzizi mmoja na hijra tunayoijua sote. Lakini aliyefanya hijra aliamua kuondoka. Tehcir ni kuondoshwa. Kitenzi chetu "kuhamishwa" kikisimama peke yake ni dhaifu mno: mtumishi wa serikali naye huhamishwa, akapewa lori la mizigo na posho ya safari. Vitabu viandike "kuhamishwa kwa nguvu" au "kuswagwa". Neno "msafara" litumike kwa uangalifu, kwa sababu pwani na bara yetu inalijua kwa biashara na kwa minyororo pia. Waarmenia wenyewe waliiita njia ile aksor, yaani uhamisho wa kufukuzwa, na jinai yote kwa ujumla Medz Yeghern, Uovu Mkuu.

"Mauaji ya kimbari" tunalo tayari, na tulilipata kwa uchungu wa jirani zetu. Tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu. Ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Sheria iliyotumika ilitokana na Mkataba wa 9 Desemba 1948, na aliyeupigania kuliko wote ni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, aliyelibuni jina la kosa hilo mwaka 1944. Lemkin mwenyewe alieleza kuwa yaliyowapata Waarmenia ndiyo yaliyomfanya aanze kulifikiria jambo hili, pamoja na kesi ya mwaka 1921 mjini Berlin, ambako kijana wa Kiarmenia, Soghomon Tehlirian, alishtakiwa kwa kumuua Talat Pasha, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Osmani wakati wa uhamisho, na kuachiwa huru. Mwanafunzi anayepita nje ya majengo yale ya Arusha anapita kwenye ncha moja ya kamba ambayo ncha yake nyingine iko Frati. Aonyeshwe.

Sasa hatua zenyewe.

Ya kwanza ni kuwaondoa wanaume. Baada ya jeshi la Osmani kushindwa vibaya na Warusi huko Sarıkamış, waziri wa vita Enver Pasha aliamuru tarehe 25 Februari 1915 askari wa Kiarmenia wanyang'anywe silaha. Walitiwa katika vikosi vya kazi, wakapasua mawe ya barabara na kubeba mizigo mgongoni, na wengi waliuawa kundi kwa kundi. Usiku wa 24 Aprili, polisi wa Istanbul walianza kuwakamata watu mashuhuri wa jamii hiyo: waandishi, walimu, makasisi, madaktari, wanasiasa. Waliokamatwa siku zile walizidi 200. Wakapelekwa Ayaş na Çankırı, na wengi hawakurudi. Krikor Zohrab, mwanasheria na mbunge wa bunge la milki, aliyekuwa akijuana na Talat uso kwa uso, alikamatwa baadaye kidogo na kuuawa karibu na Urfa mwezi Julai. Kiongozi cha mwalimu kieleze kwa nini mambo yalipangwa hivyo: jamii iliyopoteza vijana wake wenye bunduki na wazee wake wenye kalamu haina wa kuilinda na haina wa kuiandikia malalamiko. Ilipofika zamu ya kijiji, wanaume waliobaki walitengwa langoni au siku ya kwanza ya mwendo, wakaongozwa bondeni. Ndiyo maana karibu kila shahidi wa misafara ile anasimulia wanawake, watoto na wazee.

Habari ya Van isifichwe. Waarmenia wa mji huo walishika silaha tarehe 20 Aprili wakajihami hadi Warusi walipofika mwezi Mei, na serikali ikalitumia tukio hilo kama sababu ya uhamisho wote. Kitabu kikilificha, mwanafunzi atalikuta kwingine na ataona alidanganywa. Likiwekwa wazi, linaleta swali lililo bora zaidi: ikiwa tatizo lilikuwa Van na mpaka wa Urusi, kwa nini walihamishwa Waarmenia wa Bursa, walio magharibi kabisa, na wa Ankara, zaidi ya kilomita 600 kutoka mpaka huo?

Hatua ya pili ni karatasi, na hapa ndipo wasomaji wengi wanapotezwa. Sheria ya muda ya 27 Mei 1915 iliwapa makamanda wa jeshi mamlaka ya kuhamisha watu wa kijiji au mji wakiwashuku tu. Haikuwataja Waarmenia kwa jina. Tarehe 30 Mei Baraza la Mawaziri lilitoa uamuzi wenye maneno mazuri: roho na mali za wahamishwa zilindwe, walishwe njiani, wapewe ardhi, wasiojiweza wajengewe nyumba, wakulima wapewe mbegu na zana. Mtu akisoma karatasi hiyo peke yake atafunga kitabu akidhani ulikuwa mpango wa makazi ulioharibikiwa. Kwa hiyo isisomwe peke yake hata kidogo. Isomwe pamoja na maelezo ya Mehmed Celal Bey, aliyekuwa gavana wa Aleppo, mkoa uliotakiwa kuwapokea watu hao. Aliomba fedha za kuwajengea mahali pa kujisitiri. Badala yake akaletewa afisa ambaye kazi yake ilikuwa kuwasukuma mbele. Gavana wa mkoa wa mapokezi hakupewa hata senti ya paa, na tarehe za maombi yake zinakwenda sambamba na tarehe za uamuzi ule. Hakuna hoja ya mwalimu itakayolishinda jambo hilo.

Karatasi za mali nazo zisirukwe. Kanuni ya 10 Juni 1915 iliunda tume za kushughulikia "mali zilizoachwa", kwa Kiosmani emval-i metruke. Hiyo emval ni wingi wa neno letu lilelile, mali. Sheria ya 26 Septemba ikaendelea hadi kuzifilisi. Nyumba, mashamba, karakana, mifugo na bidhaa za madukani ziliorodheshwa, zikapigwa mnada au wakapewa wahamiaji Waislamu waliofukuzwa katika nchi za Balkani. Tangu siku mali ya mtu inapopigwa mnada, mwenye kuinunua anaomba aliyenyang'anywa asirudi, na mji mzima unakuwa na sababu ya kunyamaza. Seneta Ahmed Rıza alisimama bungeni na kusema kuwa si halali kuziita mali hizo zilizoachwa, kwa kuwa wenyewe hawakuziacha kwa hiari. Alikuwa peke yake, na maneno yake yako katika kumbukumbu rasmi za bunge.

Hatua ya tatu ni njia, na tunaomba ipewe kipindi kizima.

Notisi ilitofautiana mahali na mahali: kwingine siku kadhaa, kwingine saa chache. Familia iliuza cherehani, zulia na ng'ombe kwa bei ya kutupa, kwa kuwa wanunuzi walijua muuzaji hana kesho. Wenye uwezo walikodi mikokoteni ya ng'ombe. Mara nyingi wenye mikokoteni waligeuza baada ya siku moja au mbili, au mikokoteni ilizuiwa pale njia ya milimani ilipoanza, kama ilivyokuwa Fırıncılar, kusini mwa Malatya. Toka hapo mama alibeba kilichobaki: mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na unga kidogo. Kila siku alilazimika kuchagua nini aache.

Kutoka Harput hadi Aleppo ni zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Erzurum hadi Deir ez-Zor ni zaidi ya 500. Wanafunzi wafanye hesabu ifuatayo kwa mikono yao. Watu 1,000. Kila mmoja, akitembea juani, apewe lita 5 za maji kwa siku: ni lita 5,000 kila siku. Kila mmoja apewe nusu kilo ya unga: ni kilo 500 kila siku. Mwendo wa siku 60 unataka tani 30 za unga. Nyumbu mmoja akibeba kilo 100, wanahitajika nyumbu 300 kwa unga tu, bila kuhesabu chakula cha nyumbu wenyewe. Mtu atasema unga si lazima ubebwe, ungeweza kutolewa vituoni. Sawa. Basi ilihitajika ghala kila mwendo wa siku mbili au tatu, na mtu wa kugawa, na daftari la kugawia. Serikali iliyokuwa hodari wa kuorodhesha viti na mazulia ya watu ingeshindwaje kuandika magunia? Misafara ya watu maelfu ilipelekwa hivyohivyo, na askari wa jandarma, yaani polisi wa kijeshi, waliowasindikiza waliuza ruhusa ya kuufikia mto au kisima.

Hesabu hiyo ikikamilika, mwalimu alete msafara mmoja halisi. Balozi wa Marekani mjini Istanbul, Henry Morgenthau, alieleza habari za msafara wa Harput uliounganishwa na mingine njiani hadi kufikia watu 18,000. Siku ya 70 walifika Aleppo wanawake na watoto 150. Mtu akienda kilomita 15 kwa siku, Harput hadi Aleppo kwa mstari ulionyooka ni siku 22 au 23. Siku zilizozidi zilitoka wapi? Milima inazungusha, hilo kweli. Lakini misafara pia ilizungushwa mbali na miji, ilisimamishwa, ilipitishwa penye makundi ya wavamizi, wakiwemo wafungwa waliotolewa magerezani na kuwekwa chini ya shirika la siri liitwalo Teşkilât-ı Mahsusa. Katika korongo la Kemah, karibu na Erzincan, watu walitupwa Frati mwezi Juni 1915. Trabzon, mji wa bandari, wengine walipakiwa mashuani na kuzamishwa baharini. Balozi mdogo wa Marekani mjini Harput, Leslie Davis, alizunguka kwa farasi ziwa Göljük, siku hizi Hazar, akakuta maelfu ya maiti. Aliandika kuwa baadhi zilikuwa zimechomwa ili kutafuta sarafu za dhahabu ambazo watu walidhaniwa kuzimeza.

Wanafunzi wa Tanzania hawataona ajabu kuwa njaa ni silaha. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ghala zilizochomwa na mashamba yaliyoharibiwa viliua wengi kuliko risasi. Mwalimu analo tayari somo la kufungulia.

Waarmenia wa magharibi walisafirishwa kwa reli, na sehemu hii huachwa kwa sababu watu hudhani treni ni nafuu. Walilipishwa nauli kwenda uhamishoni. Walijazwa katika mabehewa ya kondoo: Franz Günther wa kampuni ya Reli ya Anatolia alimpelekea mkubwa wa benki yake huko Berlin picha ya mabehewa hayo, akaeleza kuwa watu 880 walisafirishwa katika mabehewa 10. Ni watu 88 kwa behewa moja. Isitoshe, reli ya Baghdad ilikuwa haijakamilika. Ilikatika milima ya Taurus, mbele ya Pozantı, na tena milima ya Amanus, kati ya Mamure na Islahiye. Kila ilipokatika, watu walishushwa wakasubiri uwanjani bila paa, kisha wakavuka mlima kwa miguu. Hapo ndipo kambi zilipoota, pamoja nazo homa ya tifasi. Wafasiri wa vitabu wawe macho: tifasi huenezwa na chawa na hushamiri palipo na msongamano wa watu wasio na maji ya kufulia, siyo taifodi, homa ya matumbo, itokanayo na maji na chakula kichafu. Vitabu kadhaa huchanganya hizi mbili, na mwanafunzi anakosa kuelewa kwa nini ugonjwa ulisafiri na reli hadi Aleppo, ukawaua wenyeji na askari pia.

Hatua ya nne ni kambi. Ramani itaje majina haya kwa mpangilio: Mamure, Islahiye, Katma, Azaz, Bab, Meskene, Abuharar, Hamam, Raqqa, Sabkha, Deir ez-Zor, na upande wa kaskazini mashariki, Ras al-Ayn. Kambi nyingi hazikuwa na nyumba. Zilikuwa mahema ya matambara yaliyoshonwa kwa nguo, na kila baada ya muda watu waliinuliwa wasogezwe kituo kingine, kwa sababu aliyetulia mahali pamoja huanza kupata kazi, mkate na rafiki. Meskene peke yake, wakala mmoja wa kampuni ya mafuta aliyepita mwaka 1916 kukagua na kupeleka msaada kwa siri alikadiria waliozikwa kuwa 60,000. Julai na Agosti joto la bonde lile hupita nyuzi 40.

Hata hivyo wengi walifika Deir ez-Zor wakiwa hai. Mkuu wa eneo hilo, Ali Suad Bey, aliwatendea kibinadamu. Akaondolewa. Mrithi wake, Salih Zeki, tangu Julai 1916 aliwatoa kwa makundi kuelekea mto Khabur, wakauawa kuanzia Suwar hadi Shaddadi. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 150,000 au zaidi. Mahali hapa mwalimu asipite haraka. Hawa hawakufa kwa uzembe wa njiani. Walikuwa wamekwisha kufika mahali ambapo serikali ilisema ndipo makazi yao mapya.

Mkataba wa 1948, kifungu cha pili, unataja aina tano za matendo. La tatu ni kuliwekea kundi kwa makusudi hali za maisha zitakazoliangamiza. La tano ni kuwahamisha watoto wake kwa nguvu hadi kundi jingine. Wanafunzi wakiwa na ramani na hesabu ya unga mbele yao, wataielewa aya ya tatu bila kufafanuliwa. Ya tano ielezwe kwa kituo cha yatima cha Antoura, Lebanon, kilichoanzishwa na Cemal Pasha, kamanda wa jeshi la Osmani nchini Syria, katika shule iliyochukuliwa kwa mapadri Wafaransa. Watoto wapatao 1,000, wengi wao Waarmenia na baadhi Wakurdi, walibadilishwa majina na dini, wakapewa namba, na kukatazwa lugha ya mama zao. Wasichana wengi zaidi hawakupitia kituo chochote. Walichukuliwa njiani, wakawa wake au vijakazi, na kwa Mabedui wengine walichanjwa chale za rangi usoni kwa desturi ya kabila la mwenye nyumba.

Kuhusu dini tunasema wazi, kwa kuwa madarasa yetu yana Waislamu na Wakristo kwenye dawati moja: sura hii isiandikwe kama vita vya dini mbili. Waliopanga walikuwa viongozi wa chama cha Umoja na Maendeleo waliotwaa madaraka kwa nguvu mwaka 1913. Waliokataa nao walikuwa Waislamu. Hüseyin Nesimi, mkuu wa wilaya ya Lice, hakutii amri, akauawa. Faik Ali Bey wa Kütahya hakuwahamisha Waarmenia wa eneo lake. Celal Bey, alipoondolewa Aleppo, alipelekwa Konya, akazuia alivyoweza hadi alipofukuzwa huko pia. Baadaye alijifananisha na mtu aliyeketi ukingoni mwa mto wenye kuchukua maelfu ya watoto, wazee na wanawake, asiye na chombo cha kuokolea ila mikono yake. Wakurdi wa Dersim walificha na kuvusha maelfu, ijapokuwa makabila mengine ya Kikurdi yalivamia misafara. Na mwaka 1917 Sharifu Hussein bin Ali wa Makka aliwaandikia wakuu wa Kiarabu walio chini yake wawalinde Waarmenia waliokimbilia nchi zao kama wanavyojilinda wao na watoto wao. Barua hiyo ichapishwe nzima kitabuni.

Wajerumani nao wana ukurasa wao, na unatuhusu, maana serikali hiyohiyo ya Berlin ilikuwa na gavana wake hapa kwetu. Balozi Wangenheim aliripoti tarehe 7 Julai 1915 kuwa serikali ya Osmani inakusudia kuangamiza jamii ya Waarmenia. Desemba mwaka huohuo balozi aliyemfuata alitaka Ujerumani ilaani hadharani. Kansela Bethmann Hollweg alikataa, akaandika kuwa shabaha pekee ni kuishika Uturuki upande wao hadi mwisho wa vita, Waarmenia waangamie au wasiangamie. Kumbe ilikuwa inawezekana: Novemba 1916 jenerali mmoja Mjerumani, Liman von Sanders, alitishia kutumia askari wake, na uhamisho wa Waarmenia wa Izmir ukasimama.

Kuhusu vyanzo tuna maonyo machache. Telegramu zilizochapishwa mwaka 1920 kwa jina la Talat zimebishaniwa uhalali wake kwa miaka mingi. Somo lisitundikwe juu yake, kwani ripoti za mabalozi wa Ujerumani, washirika wa Waosmani wenyewe, na mashauri ya mahakama ya kijeshi ya Istanbul ya 1919 yanatosha. Mahakama hiyo iliwahukumu kifo Talat, Enver na Cemal tarehe 5 Julai 1919 wakiwa wamekwisha kutoroka. Daftari la Talat mwenyewe linaonyesha Waarmenia wapatao 1,256,000 mwaka 1914 na 284,000 mwaka 1917. Tofauti hiyo isiandikwe kama idadi ya wafu, kwa sababu wamo waliokimbilia Urusi. Picha zichaguliwe zile tu ambazo mpigaji, mahali na mwaka vinajulikana. Picha za njaa za nchi nyingine zimewahi kubandikwa maelezo ya Waarmenia, na moja ya namna hiyo inatosha kumfanya mwanafunzi atilie shaka kitabu kizima. Msimamo wa serikali ya Uturuki uelezwe kama ulivyo: inakubali kuwa wengi walikufa, inasema ni vita, maradhi na vurugu, inakataa neno mauaji ya kimbari. Bunge la Ujerumani lililitumia mwaka 2016, Rais wa Marekani mwaka 2021. Waashuri na Wagiriki wa milki hiyo nao waliuawa na kufukuzwa, watajwe.

Kwa mabaraza ya mitihani: tafadhalini, msiulize "taja athari tano". Mpeni mtahiniwa uamuzi wa 30 Mei 1915 upande mmoja na maelezo ya Celal Bey upande wa pili, na ramani ya reli iliyokatika, kisha mwulizeni ni kipi kati ya yaliyoahidiwa kilikuwa kimeandaliwa. Alama zigawiwe kwa ushahidi anaoonyesha, si kwa ukali wa maneno yake.

Kipindi cha nne kiwe cha kurudi. Waarmenia zaidi ya 4,000 wa vijiji vya Musa Dagh, karibu na pwani ya Mediterania, walipanda mlima wao, wakapigana, na Septemba 1915 meli za Ufaransa zikawachukua hadi Port Said, Misri, wakaishi kambini hapo hadi vita kwisha. Shirika la misaada la Near East Relief la Marekani lililea yatima zaidi ya 130,000. Huko Aleppo, katika miaka ya 1920, Karen Jeppe wa Denmark aliongoza nyumba ya uokozi chini ya Shirikisho la Mataifa kwa ajili ya waliotoroka au kutolewa majumbani mwa watu. Kila aliyepokelewa aliandikwa daftarini: jina, baba, mama, mahali alikozaliwa, njia aliyopitishwa. Kwa wengine waliochukuliwa wakiwa wadogo, nafasi ya jina la baba au la kijiji haikuweza kujazwa. Tunaomba ukurasa mmoja wa daftari hilo ufasiriwe na uwekwe mwisho wa sura, mstari kwa mstari, pamoja na nafasi zilizo tupu.

Wenu,
Walimu wa historia na wafasiri